Mtandao Ukisumbua Lagangabilili: Vidokezo vya Mawasiliano Yasiyo na Waya

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa. Ukiwa mjini unapiga simu, unatuma pesa, unaangalia video ya mjukuu aliyeko Mwanza. Ukishika njia ya vijijini, katikati ya mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, simu ileile inaanza kusuasua. Watu husema mtandao una siku zake. Hauna. Una sababu zake, na sababu hizo zikieleweka, hata mwenye kitochi anaweza kujipatia mawasiliano pale ambapo mwenye simu janja ya bei kubwa amekata tamaa. Mkulima anayesubiri malipo ya pamba kwenye simu anastahili kuzijua sababu hizo kama fundi anavyozijua.

1. Jua kinachosafiri

Kati ya simu yako na mnara hakuna upepo wala kitu chochote cha ajabu. Kuna mawimbi ya redio, na mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga wa jua: yana asili moja na yanakwenda kwa kasi moja, kilomita 300,000 kwa sekunde. Tofauti ni urefu wa wimbi. Wimbi la mwanga ni dogo kuliko unene wa unywele. Wimbi la simu ya masafa ya megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na la redio ya FM ni kama mita 3. Mengi utakayosoma hapa chini yanatokana na vipimo hivyo.

Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyathibitisha mawimbi hayo maabara mwaka 1888, na kufikia Desemba 1901 Guglielmo Marconi alikuwa akiyarusha kuvuka Bahari ya Atlantiki. Usidhani Kanda ya Ziwa iliyasikia mambo haya juzi. Wajerumani walijenga vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria wakaishambulia Bukoba, lengo lao kubwa likiwa kuuangusha mlingoti wa kituo kile. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita watu walipigana na kufa kwa ajili ya mnara, ng'ambo tu ya ziwa letu.

2. "Bila waya" ni kipande kidogo tu cha safari

Jambo hili huwashangaza wengi. Ukimpigia mtu aliyeko Dar es Salaam, sauti yako inasafiri hewani kutoka simu hadi mnara ulio karibu. Kutoka hapo inaweza kurushwa hadi mnara mwingine kwa zile antena za duara unazoziona zimebandikwa ubavuni mwa minara, kisha ikaingia kwenye nyaya za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano zilizofukiwa ardhini. Mwisho wa safari inaruka tena hewani, kutoka mnarani hadi kwenye simu ya unayezungumza naye.

Ukifungua ukurasa uliohifadhiwa Ulaya, safari inapita hata chini ya bahari. Ndiyo maana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilizorota nchi nzima, wakati simu za kawaida za hapa ndani ziliendelea kupigika. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu simu, jiulize kwanza: kimekataa nini? Kama simu inapigika lakini intaneti haifunguki, huenda tatizo liko mbali sana na kijiji chako. Kama vyote vimekufa, basi angalia mnara ulio jirani.

3. Tafuta urefu kwanza

Wazee wanaopanda juu ya kichuguu kupiga simu wako sahihi kabisa, na hesabu inawatetea.

Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mnara wa mita 45 kwenye tambarare "unaona" takriban kilomita 27 kabla dunia haijajikunja. Simu uliyoishika sikioni, mita moja na nusu kutoka ardhini, inaongeza kama kilomita 5. Ukipanda kichuguu simu ikafika mita 4, nyongeza inakuwa kilomita 8. Kupanda mita mbili na nusu tu kumekuletea kilomita tatu za bure! Na kwa nchi ya tambarare kama yetu, faida hiyo ni kubwa kuliko kwa mtu wa milimani ambaye kilima kimoja kinaweza kumzibia kila kitu.

Kama kuna jiwe kubwa, mti au ghorofa ya shule karibu, anzia hapo. Ila usipande mti wakati mawingu yamefunga; sababu iko kwenye kidokezo cha 11.

4. Kisha sogea hatua moja

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakigharimu chochote na kinafanya kazi hata ndani ya nyumba. Mawimbi hayafiki kwako kwa njia moja. Mengine yanakuja moja kwa moja, mengine yamegonga paa la jirani, mengine yamegonga lori lililoegeshwa. Yanapokutana hewani, mahali pengine yanasaidiana na mahali pengine yanauana. Kwa kuwa wimbi lenyewe ni la sentimita 33, na kwa masafa ya megahezi 1800 ni sentimita 17 tu, mahali pazuri na pabaya vinaweza kutenganishwa na kiganja cha mkono.

Kwa hiyo usikimbilie kwenda barabarani. Sogeza simu polepole, nusu hatua kushoto, nusu hatua kulia, subiri sekunde chache kila mara. Ukipapata, weka alama. Familia nyingi vijijini tayari zina msumari ukutani au tundu la dirisha ambapo simu "hukaa", na wengi hawajui kwamba wamegundua jambo la kisayansi.

5. Bati ni ukuta

Chuma hurudisha mawimbi. Nyumba ya tofali yenye paa la bati, mlango wa chuma na nondo madirishani inapunguza sana kinachoingia ndani, wakati nyumba ya nyasi inayapitisha bila shida. Tulipoezeka bati tulipata paa la kudumu, ila mtandao wa ndani ukapungua. Kaa karibu na dirisha linalotazama upande wa mnara.

Kama una simu janja mbili nyumbani, fanya hivi: moja iache juu, karibu na dirisha au nje penye kivuli, uwashe hotspoti. Ya pili itumie ukiwa umekaa ndani. Ya kwanza inavuta mtandao kutoka mbali, ya pili inachota kwake kwa mita chache. Hakikisha umeweka nywila kwenye hotspoti hiyo, vinginevyo bando lako litanywewa na mtaa mzima.

Na mkono wako je? Mwili wa mtu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Antena ya simu nyingi iko pembezoni mwa kifaa. Legeza kiganja, au tumia spika ukiwa umeiweka simu juu ya meza.

6. Usihadaike na vimistari

Vile vimistari vya mtandao juu ya kioo havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji wa simu huvichora atakavyo. Kipimo cha kweli kimefichwa. Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utaona namba yenye alama ya kutoa, ikifuatiwa na herufi dBm. Kutoa 70 ni mtandao mzuri. Kutoa 110 ni shida.

Namba hizo hazipandi kama fedha. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi. Ukitoka kutoa 110 ukafika kutoa 100, nguvu uliyoipokea imeongezeka mara kumi, hata kama kimistari hakijabadilika. Mpe kijana wa darasa la sita simu, mwambie azunguke uwanja mzima akiandika namba kila baada ya hatua tano. Mtapata ramani ya mtandao ya nyumba yenu, na yeye atakuwa amejifunza fizikia bila kuandikiwa ubaoni.

7. Betri inaliwa na umbali

Simu iliyo karibu na mnara inanong'ona. Iliyo mbali inapaza sauti, na simu ya 2G ikipaza inaweza kufikia wati 2. Ndiyo maana chaji iliyokaa siku mbili mjini inaisha jioni ukiwa shamba. Mahali ambapo hakuna mtandao kabisa ni pabaya zaidi, kwa kuwa simu inaendelea kuutafuta bila kupumzika. Washa hali ya ndegeni ukiwa njiani kwenye mapori yasiyo na mnara, uizime ukifika. Kwa anayechaji kwa sola au kwa kulipia dukani, kidokezo hiki ni pesa.

8. Chagua kizazi kwa kazi

2G, 3G, 4G na 5G ni vizazi vya teknolojia moja. Kikubwa si lazima kiwe bora kwako kwa saa hiyo. 2G inabeba sauti na ujumbe vizuri, na kwa kanuni zake za kawaida mnara wake unaweza kuhudumia simu hadi kilomita 35. 4G ina kasi, ila inahitaji mawimbi safi zaidi ili ikupe kasi hiyo. 5G ya kwanza kibiashara hapa nchini ilizinduliwa na Vodacom Dar es Salaam Septemba 2022, nayo hung'aa hasa pale penye minara iliyosongamana.

Kama sauti inakatikakatika na simu yako inarukaruka kati ya 4G na 2G, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uichagulie 2G pekee kwa muda wa mazungumzo. Sauti itatulia na betri itakushukuru. Ukimaliza, irudishe.

9. Ujumbe hupita pale sauti inapokwama, na pesa zina kanuni yake

Kwa kupiga simu unahitaji mawimbi yasikatike dakika zote mnazozungumza. Ujumbe mfupi unahitaji sekunde chache tu. Ukishatoka kwenye simu, unahifadhiwa kituoni hadi mpokeaji apatikane. Ndiyo maana mtu aliye machungani akiandika ujumbe, kisha akanyoosha mkono juu, mara nyingi unakwenda. Herufi 160 zinatosha kusema ng'ombe gani anaumwa na uko upande gani.

Menyu za nyota, kama *150*00# ya M-Pesa, hazihitaji bando wala simu janja. Lakini zina tabia moja ambayo kila mtu anayelipwa au kulipa kwa simu aijue. Menyu inafanya kazi kwa mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu yako na mitambo. Mtandao ukikatika baada ya kuweka namba ya siri, huenda agizo lako lilishafika na fedha zikahama, ila jibu ndilo lililopotelea njiani. Wewe unaona kioo kimya, unadhani haijaenda, unatuma tena. Umetuma mara mbili.

Kanuni ni hii: ukikatika katikati ya muamala, usirudie. Tafuta mahali penye mtandao, angalia salio, angalia miamala ya karibuni, msubiri mpokeaji athibitishe. Ndipo uamue. Msimu wa pamba, pesa nyingi zinapohama kwa siku chache, kanuni hii inafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS).

10. Siku ya mnada, piga mapema

Mnara una nafasi za kuhesabika. Kila anayezungumza anachukua nafasi, na anayetazama video anachukua nafasi kubwa. Siku ya mnada wafanyabiashara, wafugaji na mawakala wote wanakusanyika chini ya mnara mmoja au miwili. Simu inaonyesha vimistari vyote vimejaa, na bado haipigi: mawimbi yapo, ila nafasi zimekwisha. Kununua vocha zaidi hakutasaidia. Piga asubuhi kabla watu hawajajaa, au tembea kuelekea upande wa mnara mwingine, au tumia ujumbe.

11. Mvua, radi na hofu ya mnara

Mvua ya kawaida haiyazuii mawimbi ya simu yako. Ikikatika wakati wa mvua, mara nyingi umeme wa mnara umezimika au kiungo kati ya minara kimetatizika. Televisheni ya dishi ni habari nyingine. Mawimbi yake ni ya sentimita mbili na nusu tu, yanatoka kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, na matone mazito yanayameza. Picha ikiganda kwenye king'amuzi mvua ikiwa kubwa, usimwite fundi. Subiri ipite.

Radi ichukuliwe kwa uzito. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Simu iliyo mfukoni haivuti radi; si kweli kwamba ukiipokea utapigwa. Hatari iko kwenye nyaya na mahali palipoinuka: chaja iliyochomekwa, antena ya nje ya redio au ya runinga inayoingia ndani, na mti au kichuguu ulichopanda. Chomoa mapema, shuka chini, ingia ndani.

Kuhusu afya, mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama eksirei inavyoweza. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kundi la vitu ambavyo ushahidi wake bado ni hafifu. Anayetaka tahadhari aipate kwa njia rahisi: atumie spika, na afupishe mazungumzo mahali penye mtandao dhaifu, kwa sababu hapo ndipo simu yenyewe inapaza nguvu, kichwani pake. Mnara ulio mita mia kadhaa unakuletea kiasi kidogo kuliko simu uliyoibana sikioni.

12. GPS haili bando

Kupokea ni bure. Simu janja inasikiliza setilaiti zinazozunguka takriban kilomita 20,000 juu yetu, inajua mahali ilipo, na haitumi chochote. Pakua ramani ya Itilima, Bariadi na Meatu ukiwa mjini, kisha itumie porini bila salio. Watafiti huwafuatilia hivyohivyo tembo wa Serengeti: kola ya shingoni inasikiliza setilaiti, kisha inatuma mahali tembo alipo. Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani, hii ni teknolojia isiyo na waya inayogusa chakula cha watu moja kwa moja. Ningetamani siku moja taarifa hiyo iwe inafika, kama onyo, kwenye kitochi cha mwenye shamba kabla tembo hawajafika.

13. Namba za kukariri

Simu ikionyesha "simu za dharura tu", mara nyingi maana yake mtandao wako haupo ila wa kampuni nyingine upo. Piga 112, itapitia mnara wowote unaopatikana. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA; ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" upeleke 15040, pamoja na namba ya tapeli. Piga *#06# upate namba ya utambulisho ya simu yako, uiandike kwenye daftari nyumbani kabla haijaibiwa.

Na kama mtandao mwingine unashika vizuri zaidi kijijini kwako, hulazimiki kupoteza namba yako. Tangu Machi 2017 inawezekana kuhama na namba ileile: unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unafuata maelekezo. Kabla ya kuhama, azima laini ya jirani siku mbili tatu uipime kwa ile namba ya dBm, nyumbani, shambani na njiani.

14. Mnara unaombwa

Kampuni hujenga mahali penye wateja wengi, na kijiji chenye kaya zilizotawanyika hakimvutii mwekezaji. Serikali inajua hivyo. Ndiyo maana kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, ambao unatoa ruzuku ili kampuni zifike huko. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa kata 713 nchini.

Malalamiko ya "hatuna mtandao" ni rahisi kuyaweka kando. Ushahidi ni mgumu kuuweka kando. Kwenye mkutano wa kijiji, orodhesheni vitongoji, na kwa kila kimoja andikeni mtandao upi unafika, ni 2G au zaidi, kipimo cha dBm nje ya shule, zahanati na ghala la pamba, na saa zipi unapotea. Tajeni idadi ya kaya. Mtendaji wa kijiji aipeleke kwa mtendaji wa kata, diwani aibebe hadi halmashauri pale Lagangabilili, na nakala iende UCSAF na ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Bakini na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa, na baada ya miezi mitatu mrudi kuiulizia.